Mpisheni

Gari-jongoo lilikuwa linapanda mlima kuelekea Kigurunyembe, behewa limejaa watu waliotoka kazini na kila mmoja anasinzia kivyake, pale sauti ilipotoka nyuma ya sikio la mwanamke aliyekaa dirishani.

"Mpisheni," ilisema. Haikupiga kelele. Ilisema kwa adabu, kama mshenga anayeomba njia. "Mpisheni. Mpisheni."

Viti vya jirani vikajikunja vyenyewe. Sakafu ikavimba taratibu ikawa laini kama godoro la sufi. Jongoo likapunguza mwendo hata chai kwenye vikombe isitikisike. Dari ikafunguka, mapazia mawili yakashuka: roboti nyembamba zenye mabega mapana, na kutoka kwenye yale mabega kitambaa cheupe kikatanda kuzunguka kiti cha dirishani. Abiria hawakungoja kuambiwa tena. Walikuwa wameshajirundika upande wa pili wa behewa, viganja puani. Yule mwanamke alipata nafasi ya kuvua miwani yake na kuifumbata. Halafu akaanguka ndani ya ule weupe, na hakuna mtu aliyeona kitu.

Morogoro walijivunia sana jambo hilo, na walikuwa na haki. Huo ndio mji ambao lifti zake hazipandi mpaka uzisalimie, na ukizisalimia kwa kiburi zinakushusha ghorofa ya adui yako. Ndio mji ambao mbuzi wa kukunia nazi walitiwa umeme na akili kidogo, wakawa wanalia mee wakikuta nazi mbovu; na inasemekana mmoja aligoma kazi Ramadhani nzima akidai naye amefunga. Lakini wageni waliokuja na kamera zao hawakuuliza habari za mbuzi. Waliuliza habari za kitabiri.

Kitabiri kilikuwa kidogo kama punje ya mhindi. Kilikaa nyuma ya sikio la mwenye kifafa, kikisikiliza mawimbi ya ubongo wake usiku na mchana, kama mtu anavyosikiliza sufuria ya maziwa isije ikafurika. Kikisikia dhoruba inakuja, kinatamka neno lake. Milango, magari, sakafu na majiko ya mji mzima yalikuwa yamefundishwa kulitii neno hilo. Moto ulizimika wenyewe. Maji yalijifunga. Watu walipisha.

Mwanamke wa dirishani alipozinduka, pazia lilikuwa linampangusa mdomo kwa kitambaa cha uvuguvugu.

"Pole, bibi. Umeamka salama. Huna jeraha."

"Ahsante," akajibu. Alijibu kwa sababu sentensi hiyo aliifundisha yeye mwenyewe, na si vizuri kumwacha mwanafunzi wako bila jibu. "Nimepitiliza?"

"Umepitiliza kidogo, bibi."

Kitambaa kikakunjwa. Behewa lilikuwa tupu. Abiria wote walishuka wakapanda jongoo la nyuma. Kwenye kiti cha mbele yake mtu alikuwa amesahau chungwa, limemenywa nusu.

Aliitwa Mwantumu Kobelo, mjane, fundi wa kauli katika Idara ya Sauti ya mji. Kazi yake ilikuwa kuzifundisha mashine kusema na watu. Lifti ilipokuambia "karibu, za kutwa," ilikuwa inaiga ulimi wa Mwantumu. Mji mzima ulisema kwa adabu yake, na mji mzima ulimkimbia.

Pale kituoni watoto walikuwa wanacheza mpira. Walipomwona wakajipanga mistari miwili, vifua mbele.

"Mpisheni! Mpisheniii!"

"Ahsanteni, wajukuu," akasema, akapita katikati yao polepole kama waziri anakagua gwaride. Alikuwa amechoka mno kukasirika. Ukianguka, mwili unauma siku nzima kana kwamba umetwangwa kinuni, na hasira inahitaji misuli.

Mkononi alikuwa na kovu kubwa, kuanzia kiwiko hadi kifundo. Alilipata utotoni, alipoanguka kwenye jiko la mkaa la jirani. Watu walikuwepo. Walisimama wakimtazama, maana kila mtu alijua kwamba kifafa kinaambukiza kwa mate, na mgonjwa akitoa upepo wakati ameanguka, aliye karibu ndiye anayefuata. Basi wakaziba pua zao, mtoto akaungua. Aliyekuja kumtoa ni mama yake, akikimbia kutoka kisimani na ndoo bado iko kichwani. Tangu siku hiyo kila alipoanguka, aliamka akikuta kichwa chake kiko pajani kwa mama. Nyumbani alikuwa na sahani yake na kikombe chake, vimetiwa alama ya rangi ili mtu asivikosee. Lakini paja lile halikuwa na alama yoyote.

Mama alikufa. Baadaye kikaja kitabiri, na Mwantumu hakuungua tena. Hakuvunjika jino wala hakuchanika paji la uso. Na hakuna mkono wa mtu uliomgusa tena akiwa ameanguka.

*

Kaka yake, Idrisa, alikuja kumwona wiki ya harusi.

"Hodi."

"Karibu. Pita, Idrisa, nyumba haiumi."

Idrisa alipita, lakini akachagua kiti cha karibu na mlango. Mwantumu akamkaribisha chai. Idrisa akasema ameshakunywa. Huyu bwana alikuwa hodari wa kushakunywa. Katika miaka yote ya ujane wake, Mwantumu hajawahi kumpokea kaka mwenye kiu.

"Sasa, dada. Ijumaa ndiyo hiyo."

"Najua. Nguo nimeshashona."

"Umeshashona?"

"Ulitaka nije uchi?"

Idrisa akacheka, halafu akakumbuka kilichomleta akaacha kucheka. Ijumaa binti yake, Nuriya, alikuwa anaolewa, na katika ukoo wao mwali hatolewi chumbani na mtu mwingine ila shangazi. Shangazi anaingia, anamkuta mwali amefunikwa kanga kuanzia kichwani haoni mbele, anamshika mkono na kumwongoza mpaka kwenye mkeka, mbele ya wakwe. Idrisa alikuwa na dada mmoja tu.

"Ndilo nililokuja kuzungumza," akasema. "Wakwe zetu, unajua, ni watu wa heshima zao. Sasa kuna hiki kitu, kivuli. Wewe unakaa hapahapa, umetulia na kiti chako. Kivuli chako kinakuja kwetu. Kimevaa, kimependeza, kinatabasamu. Siku hizi hata marashi kinatoa."

"Kinashika mkono?"

"Hapana. Kushika hakishiki, ni mwanga tu."

"Mwali atatolewaje?"

"Atakifuata."

"Amefunikwa macho, Idrisa. Atafuata mwanga kwa pua?"

"Dada, usinitie maneno. Nakufichia aibu."

"Ya nani?"

Idrisa akatazama viatu vyake. "Yetu wote," akasema.

Mwantumu alikuwa na majibu. Alikuwa nayo mengi, ameyakusanya miaka na miaka, yamekunjwa vizuri kabatini. Hakuwa na nguvu ya kufungua kabati. Akamsindikiza kaka yake hadi kwenye lifti, lifti ikamsalimia Idrisa kwa sauti ya dada yake, na Idrisa, masikini, akashtuka.

Haukupita muda, ukuta wa sebuleni ukaita. Ilikuwa Nuriya, uso umepakwa liwa mpaka masikioni.

"Shangazi, baba alikuja?"

"Alikuja. Chai hakunywa."

"Mimi sitolewi na taa! Nimemwambia mama. Nitakaa mle chumbani mpaka niote ukungu."

"Usimtese baba yako, mwanangu. Ana wageni wa watu."

"Kwa hiyo huji?"

Mwantumu akakaa chini kwanza. "Nikianguka?"

"Utaanguka. Kwani utakuwa wa kwanza kuanguka harusini? Mjomba Sudi alianguka na sufuria nzima ya pilau, na hakuna aliyemwitia pazia."

"Mjomba Sudi hasemewi na kitu nyuma ya sikio. Nuriya, nisikilize. Kuanguka nimezoea. Lakini lile neno likitoka, ukumbi utabaki mtupu kama uwanja wa mpira baada ya mvua. Nitakuacha umesimama peke yako katikati, umefunikwa kanga, hujui watu wameenda wapi. Hicho ndicho ninachokiogopa."

Nuriya akajikuna liwa shavuni. Kisha akasema, taratibu, "Kwani ni lazima kiseme neno hilohilo? Si wewe ndiye fundi?"

*

Mhandisi Kinyogoli, aliyebuni kitabiri, alikuwa mzee mnene mwenye upara, mpole sana. Mdogo wake alikuwa na kifafa. Alianguka kwenye kijito ambacho maji yake hayakufika hata kwenye magoti, akafa kifudifudi, na watu wamesimama ukingoni. Kinyogoli alikuwa mwanafunzi wakati ule. Hakutengeneza kitu kingine maishani mwake.

"Nimekuja kuomba unibadilishie neno," Mwantumu akamwambia.

"Mpisheni? Lina nini? Ni neno la heshima, Bi Mwantumu! Anayepishwa ni bibi harusi. Anayepishwa ni mkubwa. Nilitaka na nyinyi mpishwe kama wakubwa." Akasogeza kiti. "Tangu tuanze, katika mji huu hakuna aliyeungua. Hakuna aliyezama. Unanielewa? Hakuna hata mmoja."

"Nakuelewa. Mimi ni mmoja wa hao ambao hawakuungua, na nakuombea dua kila siku." Mwantumu akavuta mkono wa gauni kufunika kovu. "Lakini, mhandisi, umewapa watu ruhusa. Zamani mtu akinikimbia, aliona haya. Kesho yake tukikutana njiani anatazama pembeni. Siku hizi ananiangalia usoni na kunisalimia vizuri kabisa. Hajanikimbia. Ametii mashine."

Birika la ofisini likaja lenyewe na magurudumu yake, likammiminia Kinyogoli chai na kumtakia afya, na chai ikapoa mbele yake.

"Kubadili kwa mji mzima siwezi," akasema mwishowe. "Kwako peke yako, kwa majaribio, naweza. Lakini unajua shida ilipo."

Mwantumu aliijua. Milango na magari ya mji hayakuelewa maana ya neno. Yalisikia ngoma yake tu. Silabi nne, na uzito juu ya ile ya tatu: m-pi-SHE-ni. Ukivuruga mapigo hayo, sakafu hailainiki na moto hauzimiki. Kwa hiyo wakaketi wawili hao, wakawa wanapima maneno kama washonaji wanaotafuta kifungo cha kufanana na vingine.

"Msaidieni," akasema Kinyogoli.

"Refu."

"Mwacheni."

"Fupi. Na hilo ndilo wanalofanya."

"Mngojeni?"

"Wameningoja kwa mbali maisha yangu yote."

"Mlazeni," Kinyogoli akasema, na macho yake yakang'aa. "Hilo ndilo hasa! Kitabibu ndivyo, mtu alazwe ubavu."

Mwantumu akatikisa kichwa. "Neno hilo nililisikia kaburini kwa mama, wakati wanamshusha. Sitaki nilisikie kila wiki."

Mwantumu akawaza kanga ya mwali, na mkono unaotoka chini yake ukitafuta mkono mwingine.

"Mshikeni," akasema.

Kinyogoli akalitamka kwenye chombo. Taa ya ukutani ikakonyeza: mapigo yamekubalika.

"Lakini kushika si kubana," akaonya. "Mtu asikandamizwe. Na asitiwe kijiko mdomoni, kuna watu bado wana kichaa cha vijiko."

"Nitawaeleza."

"Kwa silabi nne?"

"Silabi nne za kuwaita. Mengine nitasema nikiwahi."

Walilichunguza neno hilo juu na chini, fundi wa kauli na mhandisi wa kitabiri, kwenye ofisi yenye zulia na birika la dua. Walipima uzito wake na urefu wake. Kitu kimoja hakikuwapitia akilini, nacho ni mahali neno hilo linapoishi mtaani. Pengine si kosa lao. Wezi wa Morogoro walikuwa wameacha kukimbia na vitu vya watu siku nyingi. Walikaa kwao wamevaa ndala, wakaiba kwa njia ya hewa. Kelele za kumfukuza mtu barabarani zilikuwa zimesahaulika.

Zilikuwa zimelala tu.

*

Ijumaa Mwantumu aliondoka kwa miguu, maana jongoo hakulitaka tena. Alivaa gauni lake jipya la zambarau. Kwapani alibana furushi la zawadi: doti ya kanga, udi, na kichupa cha marashi. Njia ya mkato ilipita Soko la Chini, na alikuwa katikati ya soko, kati ya nazi na magimbi, alipoisikia ile harufu.

Kila mwenye kifafa ana mlango wake. Mwingine huona nyota, mwingine husikia mtu akimwita kwa jina. Mwantumu alinusa karafuu zikiungua. Akatazama mahali pa kukaa, hakuona. Akaona ukuta mbele, kwenye kivuli, akakaza mwendo kuuwahi. Akakimbia kidogo.

Sasa jiweke mahali pa watu wa soko. Mwanamke anapita mbio, furushi kwapani, anaangaza macho huku na huku. Na nyuma yake, kwa sauti safi inayosikika mpaka kwa wauza dagaa, kuna mtu anasema:

"Mshikeni! Mshikeni!"

Chande, muuza nazi, alikuwa mtu wa makamo, kifua kama mlango wa msikiti. Ujanani mwake alikuwa na sifa ya kuwakimbiza vibaka. Neno lile liliingia sikioni mwake likaenda moja kwa moja mahali pake pa zamani, likakuta pamefagiliwa na kiti kimewekwa.

"Mwizi!" akanguruma.

"Wapi?"

"Yule mwenye furushi!"

Soko likainuka. Bi Semeni, muuza magimbi, akaruka meza yake na gimbi mkononi, hajui ameruka vipi mwanamke wa umri ule. Mshonaji akatoka na futi. Mbuzi wa Chande wa kukunia nazi akaanza kulia mee, ingawa nazi ilikuwa nzima. Chande akapiga hatua zake ndefu, akatupa mikono, akamdaka Mwantumu kiunoni pale magoti yake yalipokuwa yanalegea.

"Nimemshika!" akapiga kelele, na furaha ya mtu aliyerudishiwa ujana wake. "Nimemshika! Nimemshi..."

Ndipo akahisi kilichomo mikononi mwake.

"Mama yangu, ni Mpisheni!" mtu akalia.

Kila mtu akageuka akimbie. Wakachelewa. Mapazia yalikuwa yameshashuka kutoka kwenye nguzo za soko. Mashine zile zilifundishwa kumzingira mgonjwa, na hazikuwahi kumkuta mgonjwa akiwa na wenzake. Basi zikampima mtu wa nje kabisa, zikatandaza kitambaa kuwazunguka wote, zikafunga. Ndani wakabaki Chande, Semeni, mshonaji na futi lake, kundi zima la wawinda mwizi, pamoja na mbuzi.

"Fungua!" Semeni akapiga kitambaa ngumi.

"Tulieni. Mgonjwa anahudumiwa," likasema pazia.

"Mgonjwa ni huyo mmoja!"

"Wagonjwa wote watahudumiwa," pazia likajibu kwa upole.

Mwantumu alikuwa amekakamaa, anatikisika, povu mdomoni. Chande alikuwa amepiga magoti, bado amemkumbatia, macho yamemtoka kama anayeshikilia waya wa umeme.

"Mwache, Chande! Atakuambukiza!"

"Nimeshamgusa, Semeni. Nikimwacha sasa hivi, ugonjwa nitakuwa nimepata na thawabu nimekosa."

"Na kama ametoa upepo?"

Watu wakanusa.

"Upepo umetoka," Chande akasema. "Lakini si wake."

Mshonaji akatazama juu. Kicheko kikaponyoka mahali fulani, kikafa kwa aibu.

"Mgeuzeni ubavu," likasema pazia, maana lilikuta kazi yake imeshikwa na mikono ya watu, likaona liisimamie. "Msimbane. Msitie kitu mdomoni. Kichwa kiwekewe kitu laini."

Sakafu ya soko lile ilikuwa saruji ya kale, hailainiki kwa neno lolote. Kichwa cha Mwantumu kikagonga, kikagonga tena. Semeni akasikia ule mlio, ko, ko, na hakuweza kuusikia mara ya tatu. Akavua kanga yake ya juu, akaikunja, akaisukuma chini ya kichwa kile kwa vidole viwili, kama anayetia kuni jikoni. Kisha kwa mkono mzima.

Wakangoja. Kwa miaka mingi wote walikuwa wanaona weupe wa pazia tu, na kila mmoja kichwani mwake alikuwa ameujaza weupe ule na mambo ya kutisha. Nazi moja haijamaliza kukunwa, mwili ukatulia. Akabaki mwanamke wa makamo amelala ubavu, anakoroma kidogo, kiatu kimoja kimemtoka.

Mwantumu akafumbua macho. Hakuona weupe; juu yake paliinama nyuso za watu, zimejaa.

"Nimekufa?" akauliza.

"Bado," akasema Semeni. "Na wewe si mwizi?"

"Mwizi?"

Akatazama futi la mshonaji. Akatazama gimbi. Fahamu zikamrudia moja moja, na ya mwisho kurudi ilikuwa lile neno. Mwantumu akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yakaendelea baada ya kicheko kuisha.

"Niwieni radhi, jamani. Neno nililichagua mwenyewe."

"Mama, umelichagua vibaya," Chande akasema. "Ningekuwa na rungu, leo tungezungumza mengine."

"Kweli."

"Lakini," Chande akajikuna kifua, "ningesikia lile jingine, saa hizi ningekuwa nimefika Dodoma."

Mapazia yakakunjwa, jua likaingia, na watu wakatoka wakitazamana kama waliotoka kwenye nyumba wasiyotaka kuulizwa habari zake. Mshonaji alikwenda moja kwa moja kunawa. Semeni akaitazama kanga yake pale chini, yenye povu, akasita. Kisha akaiokota akajitanda.

Mwantumu akajaribu kusimama, akashindwa. Chande akamshika kiwiko.

"Unakwenda wapi?"

"Kumtoa mwali."

"Hivyo ulivyo?"

"Sina namna nyingine ya kuwa."

Wakaenda polepole. Walipopita soko, Chande akauliza, "Mkono nikuachie?"

"Bado kidogo," akasema Mwantumu.

*

Idrisa alikuwa mlangoni kwake na kanzu nyeupe, akihangaika na chombo cha kutoa kivuli ambacho kilikuwa kinamtoa Mwantumu bila miguu.

"Dada! Si tulikubaliana..."

"Ulikubaliana na chai uliyoikataa, Idrisa."

Idrisa akaona vumbi kwenye gauni la zambarau, na damu kidogo mdomoni pale alipojiuma ulimi. Akaona mkono mpana wa mtu asiyemjua umeshika kiwiko cha dada yake, bila glavu, bila kitambaa.

"Huyu nani?"

"Aliyenikamata."

Idrisa alisimama pale muda, mtu mzima na kanzu yake, hajui aweke wapi mikono. Wakwe walikuwa wanachungulia. Kisha akasogea pembeni, mgongo ukutani. Akampisha. Lilikuwa tendo lilelile ambalo mji mzima ulimfanyia kila siku, lakini hii ilikuwa mara ya kwanza kupishwa ili aingie.

Chumbani Nuriya alikuwa amekaa chini, rundo la kanga na harufu ya asumini. Mkono wenye hina ukatoka chini ya kanga ukapapasa hewani.

"Ni wewe au ni taa?"

"Ni mimi. Ninanuka soko."

"Shika, basi, nimekaa mpaka miguu imekufa ganzi."

Walitoka. Vigelegele vikapanda, wanawake wakatupa asumini njiani. Mwantumu alitembea kwa shida, kila kiungo kinamlaumu, na kwa urefu wa ule ukumbi hakuna aliyemwangalia yeye. Wote walimtazama mwali, kama ilivyo kawaida, na hiyo kawaida ilikuwa tamu kuliko halua. Mkeka ulikuwa umebaki hatua chache.

Karafuu zikaungua.

Alijua. Ukianguka mara moja siku ya joto na uchovu, ya pili haiko mbali.

"Nuriya," akanong'ona. "Niachie mkono. Inarudi."

"Mkeka uko wapi?"

"Hapo mbele. Niachie, mwanangu. Baba yako atakuongoza."

Akajaribu kuuchomoa mkono wake. Haukutoka. Na nyuma ya sikio lake sauti yake mwenyewe ya adabu ikaanza.

"Mshikeni. Mshikeni."

Vigelegele vikakatika. Viti vikakwaruza. Mlangoni mapazia mawili yakainua mabega, yakaanza kukunjua kitambaa. Magoti ya Mwantumu yakalegea, na Nuriya akashuka naye chini, na hina yake na kanga zake na dhahabu ya watu, mpaka wakawa wamekaa sakafuni wote wawili, kichwa cha shangazi pajani kwa mwali. Chini ya kanga hakuona nani amekimbia na nani amebaki. Alisikia tu nyayo na nguo zikiburuzwa, watu wengi, wakienda au wakija, hakujua.

"Mshikeni," ikasema mashine.

"Nimeshamshika," akajibu Nuriya.

"Mshikeni."

"Nimeshamshika!" akarudia kwa sauti, kama mtu anavyomjibu bibi asiyesikia vizuri.

Kitabiri kikaendelea kuita. Kilikuwa kimefundishwa kusema tu. Kusikia jibu hakuna aliyewahi kukifundisha.